Mwenye Mji wa Miaka Saba

Jumatatu, 12 Machi 2001

Daktari Elisaria amenipa kazi ya kuandika. Kila siku niandike mtoto amekula nini, amelala vipi, amesema nini. Nikamwambia mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule hapa Marangu, kalamu naishika nikipima viuno vya watu. Akasema, "Mama Doris, hata mstari mmoja unatosha." Haya, naandika.

Mtoto ni Denis, kitinda mimba wangu, ana miaka saba. Baba yake, Primus, alikuwa anaongoza watalii mlimani. Januari mapafu yalimjaa maji huko juu, wakamteremsha kwa machela, akafia njiani. Tukamzika nyumbani, kihambani, shamba letu la urithi, kwenye migomba nyuma ya jiko, kama tunavyozika watu wetu wote. Tangu hapo Denis hachezi, hacheki, wala halii. Akila ni vijiko viwili, anasukuma sahani. Shule amegoma. Kutwa amekaa kwenye kigogo karibu na kaburi, amevaa jaketi la baba yake la kupandia mlima. Linamfika kwenye vifundo vya miguu, na ukimvua anatetemeka mpaka umrudishie.

Nilidhani ni minyoo. Kisha nikadhani ni malaria. Zahanati wakapima wakachoka, wakanituma mjini, kliniki ya magonjwa ya akili. Nilipokiona kile kibao mlangoni sikusimama. Nikapita kama siye niliyetumwa pale, nikazunguka jengo zima, nikarudi.

Daktari anasema huo ni ugonjwa wa huzuni, hata watoto unawapata, na dawa ipo. Nikauliza, "Itamponya?"

"Sijui, mama. Kwa mtoto mdogo hivi nimeitumia mara chache sana. Inaweza kumsaidia, inaweza kumsumbua. Sitaki kuikimbilia, wala sitaki tuchelewe. Tutaamua wote wawili."

Jamani! Daktari gani anasema sijui? Nimeteremka mjini na mvua, mtoto mgongoni, niambiwe sijui! Na eti tuamue wote wawili, kama tunachagua kitambaa.

Jumanne, 13 Machi

Ndizi vijiko viwili. Amelala na jaketi. Hakusema kitu.

Alhamisi, 15 Machi

Mvua. Vijiko viwili. Nimemuuliza anaumwa wapi. Akasema, "Siumwi."

Jumapili, 18 Machi

Baada ya misa amekuja shemeji Basili, kaka mkubwa wa marehemu. Nilikuwa nimemkanya binti yangu Doris asiseme lolote, lakini Doris yuko kidato cha pili na mdomo wake ni wangu mtupu. Akaropoka mambo ya kliniki.

Shemeji akaweka kikombe chini. "Dawa za vichaa? Ukoo wetu hauna kichaa, Mama Doris. Mtoto anamlilia baba yake, basi."

"Halii, shemeji. Ndiyo shida yenyewe. Angelia ningeshukuru."

"Ni mwanaume, anajikaza. Au unataka afanane na Yohana?"

Hapo alinigusa penye kidonda. Yohana kila mtu wa sokoni anamjua. Alipelekwa hospitali ya vichaa akiwa kijana, akarudi anatembea kama amefungiwa ubao mgongoni, ulimi nje, udenda unamtoka. Watu wanasema ni zile dawa. Mimi tangu niliposikia neno dawa pale kliniki, namwona Denis na ule ulimi. Mama mkwe wangu, Bibi Margareta, alikuwa anamenya ndizi na hakuinua macho. Sijui yuko upande gani. Miaka yote hii nimeishi naye, sijawahi kujua yuko upande gani.

Jumatatu, 26 Machi

Kliniki. Njia nzima Denis anauliza, "Tunarudi saa ngapi?" Tumefika, anauliza. Daktari anamwonyesha picha ya ng'ombe, yeye anauliza. Daktari akataka kujua kwa nini mtoto ana haraka ya kurudi. Nikasema anapenda kwao. Akaandika, akanitazama, akaandika tena.

Nikamuuliza habari za Yohana. Akasema ile ni dawa nyingine kabisa, ya ugonjwa mwingine, na hii haimfungi mtu ulimi. Nikapumua. Kumbe ningengoja kwanza. Akaendelea: hii inaweza kumkosesha usingizi, kumuuma tumbo, kumfanya ahangaike. Na kwa wengine, mwanzoni, nguvu za mwili zinarudi kabla moyo haujatulia. Mtu aliyekuwa hana nguvu hata za kujidhuru anazipata. "Kwa hiyo tukianza, wiki za kwanza hutamwacha peke yake hata kidogo."

Nikasimama. Nikasema sitaki. Dawa inayoweza kumpa mtoto nguvu za kujiua, mimi mama yake nimnyweshe kwa mkono wangu?

"Sawa," akasema. "Leo hapana. Utamleta kila wiki tuzungumze naye. Lakini akitamka neno lolote la kufa, usingoje siku ya kliniki."

Nimerudi na hilo neno kichwani. Kila Denis akifungua mdomo nasikiliza kama ndilo linalotoka.

Alhamisi, 29 Machi

Mvua. Kijiko kimoja.

Jumatatu, 2 Aprili

Kliniki. Amekaa na daktari muda mrefu, hakusema kitu. Barabara imekuwa tope tupu, tumerudi tumelowa mpaka ndani.

Alhamisi, 5 Aprili

Leo amesema. Nilikuwa nashona, akaja akasimama karibu na cherehani.

"Mama, kaburi lina kina gani?"

"Refu."

"Maji yanafika chini?"

Nikamfokea aende akacheze. Niliogopa, ndiyo maana nikafoka. Akarudi kwenye kigogo chake.

Jumanne, 10 Aprili

Mvua kutwa. Mlima sijauona tangu mwezi uliopita. Vijiko viwili.

Ijumaa Kuu, 13 Aprili

Nitaandika yote, maana daktari atauliza.

Mchana mimi na Doris tulikwenda Njia ya Msalaba. Denis alikataa kutoka, tukamwacha jikoni na bibi yake. Mvua ilikuwa inamwaga. Tukiwa kanisani, mfongo, ule mfereji wetu wa kumwagilia, ukapasua kingo huko juu kwa jirani, maji yote yakateremkia kihambani kwetu. Bibi alikuwa amesinzia kando ya moto.

Tuliporudi nilimkuta bibi peke yake. Sikuuliza. Nilikimbia nyuma ya jiko. Udongo wa kaburi ulikuwa umemomonyoka upande mzima, msalaba umeanguka. Pembeni kulikuwa na jembe la Primus, ambalo hata mimi naliona zito, na kafereji alikokuwa anakachimba ili kuyageuza maji. Denis mwenyewe alikuwa amelala kifudifudi juu ya kaburi. Alikuwa amevua jaketi akalitandaza juu ya udongo, kabaki na shati. Midomo ilikuwa imegeuka rangi.

"Denis! Toka hapo!"

"Maji yanaingia kwa baba."

"Toka, utakufa!"

"Siwezi. Ni zamu yangu."

Nikamnyanyua kwa nguvu. Alikuwa mwepesi kama kuku. Jikoni tukamvua, tukamkausha, bibi akamsugua miguu kwa mafuta, meno yanagongana. Ndipo akauliza, taratibu tu, kama anayeuliza kama chai imeiva:

"Mama, nikifa, zamu yangu itakuwa imeisha?"

Doris akatoka nje, nikamsikia analia kwenye mvua. Mimi nikamvuta karibu na moto. Bibi ndiye aliyeuliza. "Zamu gani, baba?"

"Ya mwenye mji. Baba mkubwa aliniambia."

Mimi na bibi tukatazamana. Siku ya kuanua matanga ukoo mzima ulikuwa uani kwetu. Huku kwetu kitinda mimba wa kiume ndiye anayebaki na nyumba ya baba na makaburi yake. Wakubwa wanatafutiwa vihamba vingine. Hilo halifundishwi, mtu anakua nalo. Shemeji Basili akamketisha Denis kwenye kiti cha marehemu, akamvika lile jaketi, akasema mbele ya watu wote, "Huyu ndiye mwenye mji sasa. Baba yako amelala hapa, wewe ndiye unayemlinda, yeye na mama yako na dada yako. Na mwenye mji halii." Wanawake tukapiga vigelegele. Kwetu ni maneno ya heshima, kila kitinda mimba huambiwa. Lakini huambiwa mtu mwenye ndevu. Huyu alikuwa hajamaliza kung'oka meno ya utoto, na akayachukua kama amri ya jeshi. Miezi mitatu mtoto wangu alikuwa lindoni, na sisi tunampima minyoo.

"Ni sisi," bibi akasema. "Ni sisi tuliomtwika."

Akalia. Hata mwanawe alipozikwa hakulia mbele yangu.

Jumatatu ya Pasaka, 16 Aprili

Tuko wodini mjini tangu juzi. Nimonia, lakini homa imeanza kushuka. Daktari Elisaria amekuja ingawa ni sikukuu. Nikamweleza habari za zamu, akavuta kiti akaketi.

"Mimi ndiye kitinda mimba kwetu," akasema. "Niliambiwa maneno hayo hayo. Lakini nilikuwa nimeshaoa." Kisha akasema, "Mama Doris, sasa naona heri tumpe dawa. Naogopa kumpa, ila kutompa naogopa zaidi."

Nikamwambia kama mzigo ndio ugonjwa, aniache kwanza niutue. Tukiutua akapona, dawa ya nini? Akafikiri sana. Akakubali kwa masharti: kliniki kila wiki, mtoto asiachwe peke yake, na vitu vya hatari vifungiwe. Nikajifanya sielewi ni vitu gani. Akanitajia: kamba, visu, dawa ya kunyunyizia kahawa.

Dawa ya kahawa. Kila nyumba huku inayo, nyuma ya mlango au chini ya kitanda, watoto wanairuka wakienda kuoga. Ya kwetu iko kwenye kona anapolala Denis.

Jumamosi, 21 Aprili

Tumerudi. Ile dawa ya kahawa nimeifungia stoo kwa kufuli, na kamba za ng'ombe pia. Ufunguo nimeufunga kwenye pindo la kanga. Mkono unakwenda wenyewe kuupapasa.

Jumapili, 22 Aprili

Nilikwenda kwa shemeji. Bibi akasema anakuja nami, sikumwomba. Nikamweleza shemeji aje amvue mtoto ule ukubwa.

"Mila si shati, Mama Doris. Kitinda mimba ni kitinda mimba. Nikimvua leo, kesho watu watasema Basili kamnyang'anya yatima kihamba."

Kwa kweli hapo nikamwelewa kidogo. Siku zote nilidhani ni ukaidi, kumbe anaogopa kuitwa mwizi. Kila mtu ana hofu yake. Lakini sikuwa na nafasi ya kumhurumia, nikafungua mdomo nimseme. Bibi akanishika mkono. Akatoa kwenye kanga jani la sale, limefungwa fundo. Sale ndilo tunalolipanda mipakani na makaburini, na mtu akikuletea limefungwa hivyo, ameomba ombi lisilokataliwa. Huletwa na mkosaji kwa aliyekosewa. Mama mzazi kumletea mwanawe sale, mimi sijawahi kuona.

Shemeji akavua kofia. "Mama, umenifunga mikono."

"Ndilo lililonileta," bibi akasema.

Jumamosi, 28 Aprili

Shemeji amekuja na wazee wawili wa ukoo ili lisiwe jambo la kificho. Akachuchumaa mbele ya kigogo cha Denis.

"Denis, nilikosea. Kazi niliyokupa ni ya mtu mzima. Naichukua mpaka utakapoota ndevu. Kihamba ni chako, wazee hawa wamesikia. Ila kulinda nalinda mimi."

"Na mvua ikinyesha?"

"Nitakuja."

"Hata ukiumwa?"

"Hata nikiumwa."

"Na mama?"

"Na mama yako. Ingawa huyo anajilinda kwa mdomo."

Wazee wakacheka. Denis hakucheka, ila alivua jaketi mwenyewe akampa. Shemeji akalivaa, halikufunga tumboni. Na Denis akaweka kichwa mapajani kwa bibi yake akalia, kwa mara ya kwanza tangu Januari, kilio kikubwa cha kitoto chenye makamasi, mpaka akalala hapo hapo. "Dawa ndiyo hiyo," bibi akasema. Nami nikaamini. Nimemshukuru Mungu kwa Kichaga na kwa Kiswahili.

Jumatatu, 30 Aprili

Kliniki. Nimemringia daktari. Amefurahi, lakini anasema tungoje tuone. Huyu mtu hajui kufurahi akamaliza.

Alhamisi, 3 Mei

Mtori wa ndizi, bakuli zima!

Jumapili, 6 Mei

Nusu bakuli.

Jumatano, 9 Mei

Vijiko viwili.

Ijumaa, 11 Mei

Hakula.

Jumamosi, 12 Mei

Haendi kaburini tena. Haulizi habari za maji. Hatoki kitandani. Bila lile jaketi ndipo nimeona alivyokonda, mbavu zinahesabika.

"Nini, Denis?"

"Nimechoka."

"Umechoshwa na nini, mwanangu?"

"Sijui."

Hofu ya leo imezidi ile ya Ijumaa Kuu. Siku ile nilimjua adui, nikaenda kupambana naye. Sasa mzigo tumeutua na mtoto hajainuka. Sina wa kumlaumu, sina mlango wa kwenda kuubisha. Alasiri Doris akaja cherehanini uso umembadilika. Denis amemuuliza ufunguo wa stoo mama anauweka wapi.

Nikaacha suruali ya watu chini ya sindano, nikaenda kukaa naye. Sikumuuliza ufunguo alitaka wa nini. Niliogopa atanijibu.

Jumapili, 13 Mei

Sikwenda misa, nimemlinda. Bibi alibaki nami. Tulikuwa mlangoni, tunamwona kitandani, akasema bila kunitazama, akiniita jina langu la ubatizo, "Dominika, mimi mwanangu wa pili nilimpa mizizi bila kumuuliza mtu. Akafa. Mpaka leo sijui ni ugonjwa au ni mizizi. Kwa hiyo sikuambii umpe wala usimpe. Utakaloamua, nitakaa nawe kuliangalia."

Kumbe ndiyo sababu ya kunyamaza kwake miaka yote. Nilidhani ananidharau.

Jumatatu, 14 Mei

Nikamwambia daktari, "Nipe."

Nikataka aseme umefanya vizuri, mama. Hakusema. Akanionyesha: ni kapsuli, naifungua, unga naukoroga kwenye kikombe cha maji, nampa nusu asubuhi, nusu namwaga. Mwezi mzima asiachwe peke yake. Akihangaika kupita kiasi, akianza kusema mambo ya ajabu, nipige simu siku yoyote. Na nisitegemee kitu wiki za mwanzo.

"Ungekuwa wako, ungempa?" nikamuuliza.

"Ningempa. Na ningeogopa kama wewe."

Shemeji alitukuta njiani tukirudi. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi, maneno yote nimeyapanga. Akasikiliza, akasema, "Asubuhi nitakuwa nakaa naye mimi, wewe ushone. Watu wakiuliza, semeni ni dawa ya kifua."

"Nitasema ni dawa ya huzuni."

"Haya, Mama Doris. Ya huzuni." Akambeba mtoto mpaka nyumbani.

Jumanne, 15 Mei

Nilikoroga nikamwaga, nikidhani nimekosea. Nikakoroga tena. Bibi kasimama kulia, Doris kushoto, kama ubatizo. Denis akashika kikombe kwa mikono miwili.

"Hii itanifanya nimsahau baba?"

Swali hilo hilo nililala nalo. Nilitaka kusema hapana haraka haraka. Nikasema, "Daktari anasema haigusi kumbukumbu. Ukiona unasahau chochote, niambie, tutaacha siku hiyo hiyo."

Akanywa. Akakunja uso. "Chungu." Kutwa nzima nimekuwa namuuliza jina la baba yake, mpaka Doris akanikataza.

Ijumaa, 18 Mei

Tumbo linamuuma. Halali. Anazunguka chumba, anashika hiki, anaacha. Mungu wangu, nimefanya nini.

Jumanne, 22 Mei

Bado hatulii. Nilikwenda kupiga simu ya kulipia, watu wote kwenye foleni wananisikiliza. Daktari akasema nipunguze, nimpe robo, nitazame siku chache. Nikamuuliza tuache? "Ukitaka tuache, tutaacha. Mimi ningempa siku chache tena." Nimesimama na simu mkononi mpaka mwenye duka akakohoa. Nikasema, robo.

Jumanne, 29 Mei

Tumbo limetulia. Analala. Kula ni kule kule. Macho ni yale yale. Dawa tumeirudisha kwenye nusu.

Jumatatu, 4 Juni

Mvua zimekwisha, baridi imeingia. Leo nimezeeka.

Nilikuwa kwenye cherehani, shemeji anamwangalia uani. Shemeji akaingia jikoni kuwasha kiko chake, dakika tu. Nikamsikia anapiga kelele, "Mama Doris!"

Denis alikuwa juu ya mparachichi. Si kwenye tawi la kwanza, juu kabisa, ambako hata Primus alikuwa anatumia mti mrefu wa kuangulia. Amesimama, kashika tawi kwa mkono mmoja. Tangu Januari hajapanda hata ngazi ya kanisa.

Nguvu zinarudi kabla ya moyo. Maneno ya daktari yalikuja yote. Sikujua ninachokitazama. Mtoto anacheza, au mtoto ametafuta mahali pa juu? Chini ya ule mti kuna mawe. Shemeji akataka kumfokea, nikamzuia kwa mkono. Bibi akaja na mkeka, sijui alifikiri nini, akautandika juu ya mawe.

"Denis," nikasema taratibu. "Unafanya nini huko?"

Akatazama chini, akatazama mbali, upande wa mlima. Akaliachia lile tawi. Nikafumba macho. Nakiri, nilifumba.

Kitu kikaanguka kwenye mkeka, pu! Nikafumbua. Parachichi. Likafuata jingine.

"Nina njaa," akasema kutoka juu. "Na nyie mnapika ndizi tu."

Akateremka mwenyewe. Nikamshika nikamkumbatia mpaka akalalamika. Shemeji alikaa chini kwenye vumbi na suruali yake ya Jumapili, akafunika uso. Sikumlaumu kwa kile kiko. Angekuwa Basili wa Machi ningemlaumu mwaka mzima.

Jumatatu, 11 Juni

Ameomba mwenyewe kwenda shule. Nimekaa nje ya dirisha la darasa asubuhi nzima, nimejifanya napima watoto sare.

Jumatatu, 18 Juni

Kliniki. Sahani amemaliza siku nne mfululizo. Jana alikataa kukaa karibu na Doris kwa sababu eti ananuka kitunguu. Nikamuuliza daktari, kilichomsaidia ni dawa, ni shemeji, au ni jua limerudi?

"Sijui, mama."

Safari hii sikumkasirikia. Tunaendelea kumpa, mpaka mwaka uishe, ndipo tutaangalia kama tunaweza kuacha. Nikifungua kapsuli bado nasali kwanza. Kila asubuhi ni kama ile ya kwanza.

Jumatano, 20 Juni

Mwalimu Elifuraha ameniita shuleni. Nilikwenda mbio, utepe wa kupimia bado uko shingoni, maana siku hizi nikiitwa nawaza jambo moja tu. Kufika, Denis amesimama nje ya ofisi, shati limechanika, na mtoto mwingine kashika sikio. Waligombania mpira wa makaratasi. Denis kamng'ata.

"Mama Doris, jambo hili halivumiliki."

"Ni kweli kabisa, mwalimu," nikasema, nikainamisha kichwa asinione uso. Nikamwomba radhi yeye, nikamwomba radhi mtoto, kidogo niliombe radhi na sikio.

Njiani nikakusanya sauti yangu ya zamani. "Wewe! Umekuwa mbwa siku hizi? Unang'ata watu? Leo utanijua."

Akanitazama kwa pembeni. "Utanichapa?"

"Tena sana!"

Akatimua mbio. Denis wangu, peku, madaftari yanampiga mgongoni, anageuka nyuma kuona kama namfikia, kisha anaongeza. Nikamkimbiza, na goti langu hili bovu, kanga nimeikumbatia. Wanawake wanaouza ndizi kando ya barabara wakapiga kelele, "Mama Doris, unafukuza nini?" Nilikuwa napiga kelele asimame, na moyoni namwomba Mungu asisimame.